Nani Aandike Orodha? Serikali, Utaifa na Majengo ya Kale ya Arusha na Moshi

Hotuba kwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, wanafunzi wa ujenzi na wakazi wa katikati ya jiji la Arusha

Mheshimiwa mwenyekiti wa mkutano, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie serikali, utaifa na majengo ya kale. Nitaanza na mwaka mmoja, nao ni 1863. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, tuliyo nayo hadi leo pamoja na marekebisho yake ya 1979, inatamka kwamba jengo, ngome, kaburi, bwawa au kitu kingine kilichojengwa na binadamu katika nchi hii kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu inayolindwa. Hakihitaji barua ya mtu, umri wake unatosha. Kilichojengwa baada ya hapo hakina kinga hiyo mpaka waziri mwenye dhamana akitangaze katika Gazeti la Serikali. Sheria hiyohiyo inalinda milango ya mbao yenye nakshi pamoja na fremu zake, na kwa milango mwisho ni 1940. Maana yake mlango wa nakshi wa mwaka 1930 una ulinzi ambao nyumba iliyojengwa mwaka huohuo haina.

Sasa tujiangalie sisi. Boma la Arusha lilijengwa na Wajerumani kati ya 1899 na 1900. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na hapa Arusha mwaka 1929. Maduka yale ya baraza, yenye mwaka umeandikwa kwa plasta juu ya ukuta wa mbele, mengi ni ya wakati wa Mwingereza. AICC, Kituo cha Mikutano cha Kimataifa cha Arusha, ni jengo la miaka ya 1970. Hakuna hata moja lililo upande wa salama wa 1863. Miji yetu hii miwili, kama miji, yote imezaliwa upande wa pili wa mstari. Kwa hiyo kila jengo la zamani unalolijua Arusha au Moshi linaishi kwa hisani: ama liliwahi kutangazwa, ama mwenye nalo ana moyo wa kulitunza, ama hajapata fedha za kulivunja.

Siwalaumu waliotunga sheria ile. Mwaka 1964 nchi ilikuwa na miaka mitatu ya uhuru, na miaka mia nyuma ilionekana mbali vya kutosha. Macho yalikuwa Kilwa na kwenye magofu ya pwani. Boma la Mjerumani lilikuwa ofisi tu ya serikali, watu wanakwenda kulipa kodi na kupigiwa mihuri. Nani angeliita kumbukumbu? Lakini mwaka ulioandikwa kwenye sheria umebaki palepale, wakati miaka yenyewe inasogea. Jengo ambalo mwaka ule lilikuwa mzee wa miaka 64 leo limepita miaka 120, na bado kwa sheria ni kijana.

Hapa ndipo utaifa unapoingia. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alieleza kwamba ameunda wizara ya utamaduni, kwa hoja kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu waliokosa roho ya kuwafanya taifa. Hoja hiyo naikubali kabisa. Nchi yenye makabila zaidi ya mia moja na ishirini ilihitaji kitu cha kuishika pamoja, na serikali ikachukua jukumu la kuchagua kitu hicho. Ikachagua Kiswahili, ikachagua ngoma, ikachagua historia ya kudai uhuru. Tulifaidika, na mpaka leo Mchaga na Msukuma wakikutana stendi ya Moshi hawahitaji mkalimani. Lakini tangu mwanzo tulizoea kwamba anayechagua kumbukumbu ya taifa ni serikali. Na serikali, kama mtu yeyote, hukumbuka kwanza yale inayohusika nayo yenyewe.

Chukueni mfano wa Makumbusho ya Azimio, hapo karibu na Mnara wa Mwenge. Kati ya tarehe 26 na 29 Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, likatangazwa. Ukumbi wa jamii uliotumika kwa kikao ukafanywa makumbusho mwaka 1977, miaka kumi baadaye. Ni jengo la kawaida sana. Bila ule mnara pembeni yake, abiria wa daladala asingegeuza shingo. Limesalia kwa sababu serikali iliona linasimulia habari yake, na mimi nashukuru kwamba iliona hivyo. Kwa maana tazameni kilichofuata: mwaka 1991, kule Zanzibar, chama chenyewe kililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio. Sera ikageuka. Ukumbi haukugeuka. Leo anayelipenda Azimio na anayeamini lilituchelewesha wanaweza kuingia chumba kilekile, wakasoma ukuta uleule, wakabishana. Sera hubadilishwa kwa kikao kimoja, lakini jengo likitunzwa linawapa waliozaliwa baadaye nafasi ya kuamua wenyewe.

Na tusidhani kwamba ukale ni umri peke yake. AICC ilijengwa iwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya kwanza. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, jengo likabaki na mabawa yake matatu: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda ilipokaa, na humo, Septemba 1998, ikatolewa hukumu ya Akayesu, mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Dunia nzima inasoma hukumu ile. Vijana wa ujenzi mlio hapa, jengo hilo ni la umri wa baba zenu. Msisubiri liote ukungu ndipo mliite la kihistoria.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua linawakereketa wengi. Mara nyingi naulizwa: haya maboma ni ya wakoloni, kwa nini kodi yetu itunze nyumba ya aliyetupiga mijeledi? Swali ni la haki, na halijibiwi kwa kusema "utalii". Linajibiwa kwa kueleza boma lilivyojengwa.

Oktoba 1896 wamisionari wawili waliuawa kule Akeri, Meru. Kapteni Johannes akaleta askari kutoka Moshi, na mashambulizi ya kulipiza kisasi yakafuatana: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Ndipo likaja boma. Mawe na chokaa vilibebwa na Waarusha na Wameru waliolazimishwa, chini ya kiboko. Tarehe 2 Machi 1900, huko Old Moshi, Wajerumani wakawanyonga viongozi 19 kwa siku moja, Wachaga, Wameru na Waarusha, akiwemo Mangi, yaani chifu, Meli wa Moshi na Mangi Molelia wa Kibosho. Huyo Meli ndiye ambaye mwaka 1892 vijana wake waliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, von Bülow. Ukoo wake umekuwa ukilitafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi.

Kwa hiyo mtu akiniambia boma ni la Mjerumani, namjibu kwamba Mjerumani alileta ramani na kiboko. Mawe yamebebwa na mabega ya babu zenu. Ukilibomoa boma hujamfukuza mkoloni, kwani huyo aliondolewa hapa na Waingereza tangu Machi 1916. Utakuwa umeondoa kazi ya waliolazimishwa, na kesho mjukuu wa aliyeshika kiboko akisema hapakuwa na shida yoyote, hutakuwa na ukuta wa kumwonyesha. Ndani ya boma lile leo kuna Makumbusho ya Elimu Viumbe, tangu 1987, na watoto wa shule wanajifunza mengi mazuri mle. Ombi langu ni kwamba mtoto asitoke pale akijua habari za wadudu na ndege bila kujua nani alibeba mawe ya ukuta alioegemea. Habari hiyo iwe langoni, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Kuna majengo mengine ambayo hayana kiongozi aliyenyongwa wala azimio lililotangazwa, na hayo ndiyo yanayopotea haraka zaidi. Nasema juu ya maduka ya zamani ya katikati ya mji, Arusha na Moshi. Wazee bado mnayaita nyumba za Msajili. Mwaka 1971 sheria ya utwaaji wa majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nyingi zikiwa za ndugu zetu wenye asili ya Asia, zikawekwa chini ya Msajili wa Majengo, na mwaka 1990 kazi hiyo ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kuna kipengele katika sheria ile ambacho kila nikikisoma nakiona kizito: nyumba iliyokuwa na zaidi ya miaka kumi haikulipiwa fidia. Kadiri nyumba ilivyozeeka, ndivyo thamani yake ilivyoshuka mbele ya serikali. Fikra hiyo imebaki maofisini mpaka leo. Jengo la zamani linaandikwa kwenye makabrasha kama kiwanja kizuri kilichokaliwa na mzigo.

Nilialikwa Moshi na mpangaji mmoja, mama muuza vitambaa nyuma ya soko, nimsaidie kuelewa kwa nini ukuta wake unatoka jasho kila masika. Duka ni la mtindo tunaoujua: baraza mbele yenye nguzo, duka, kisha vyumba na uwanja wa nyuma. Ukuta wa mawe yaliyounganishwa kwa udongo na chokaa. Miaka michache nyuma fundi aliletwa kuukarabati, akaupiga plasta ya saruji nzito kutoka chini hadi juu, akamalizia na rangi ya mafuta. Niligonga plasta kwa kidole, ikalia kama debe tupu. Tulipong'oa kipande kidogo, nyuma yake chokaa ilikuwa imelowa na kulegea kiasi cha kuchotwa kwa kijiko. Ukuta wa chokaa unavuta maji kutoka ardhini na kuyatoa taratibu hewani. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu, yanakula kiungo cha mawe. Baada ya miaka kumi atakuja mkaguzi, aandike kwamba jengo ni hatarishi, livunjwe. Na kweli litakuwa hatarishi. Lakini halikuuawa na uzee, limeuawa na ukarabati.

Wanafunzi, hili naomba mlichukue kama lilivyo. Saruji ni kitu kizuri kwa jengo la saruji. Kwa ukuta wa chokaa, tumieni chokaa, na anzeni na mifereji ya maji na paa kabla hamjagusa rangi. Mafundi wa chokaa bara wamebaki wachache, na zabuni za serikali zinazompa kazi mwenye bei ya chini haziwezi kuwatofautisha na wengine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inaweza kulifundisha hili, pwani ipo na mafundi wapo.

Pwani imetufundisha kwa furaha na kwa msiba. Kilwa Kisiwani iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, ikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ndefu ya kuimarisha magofu, kazi iliyowashirikisha wakazi wenyewe. Lakini Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na heshima ya urithi wa dunia tangu 2000, ulipoteza sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020. Jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 liliporomoka likiwa katikati ya matengenezo, na watu wawili wakafa. Kibao cha kimataifa hakishikilii paa. Linaloshikilia paa ni matunzo ya kila mwaka, tena na fundi anayejua anachokigusa.

Sijamalizana na 1863, maana kuna upande wake ambao hatuuangalii. Nimesema miji yetu yote iko nje ya mstari. Je, kuna kitu chochote mikoa hii miwili kilicho ndani? Kipo, na ni kingi. Engaruka, kule Monduli, kuna mashamba yaliyozungushiwa mawe na mifereji ya umwagiliaji, maelfu ya ekari, yaliyoachwa katika karne ya 18. Kilimanjaro kuna mifongo inayoteremsha maji kutoka mlimani kwenda kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, mingine ya zamani sana. Marangu na jirani zake kuna mahandaki waliyochimba Wachaga kujificha na mifugo yao wakati wa vita. Sheria inataja mabwawa, ngome, makaburi na kila kilichojengwa na binadamu. Kwa hiyo kilichojengwa na mababu zetu kwa akili yao wenyewe, bila kiboko cha mtu, ndicho chenye kinga ya moja kwa moja. Na ndicho tusichokilinda. Mfongo unafukiwa ili kupisha ukuta wa nyumba, na hakuna mtu katika kijiji anayejua kwamba sheria ya nchi inaweza kuwa imeguswa. Hapa siwezi kuilaumu serikali peke yake. Sisi wenyewe tukisikia "jengo la kihistoria" tunatafuta kuta nyeupe na bendera. Mfereji wa babu hatuuoni kuwa ni jengo.

Taifa ni kubwa kuliko serikali. Serikali ina Boma na Azimio. Taifa lina pia duka la Mhindi aliyemkopesha mkulima wa kahawa mpaka msimu wa mavuno. Lina stesheni ya Moshi, ambayo ilinyamaza miaka mingi na Desemba 2019 ikapokea tena abiria. Lina majengo ya KNCU, chama cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933 ili Mchaga auze kahawa yake mwenyewe, na makanisa ya Kilema na Kibosho, misheni za 1890 na 1893, ambayo waumini wanayatunza bila kusubiri bajeti ya wizara kwa sababu kila Jumapili wamo ndani. Kinachotumika hutunzwa. Ndiyo maana mimi si mtetezi wa kugeuza kila jengo kuwa makumbusho. Duka libaki duka, mama aendelee kuuza vitambaa.

Kwa hiyo naomba nini? Kubwa ni orodha. Jiji la Arusha na Manispaa ya Moshi wawe na orodha ya majengo yenye historia, iandikwe mtaa kwa mtaa, na wanaoiandika wawe wakazi pamoja na maofisa, si maofisa peke yao. Halmashauri ndiyo inayotoa vibali vya ujenzi, na sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za miji inaipa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Basi sheria ndogo iseme kwamba jengo lililo kwenye orodha halivunjwi wala halipigwi plasta mpya kabla mtaa haujasikilizwa hadharani. Kwa majengo ya ubia, yale ambayo mwenye jengo anashirikiana na mwekezaji kuyajenga upya, mwekezaji apandishe ghorofa zake kwenye uwanja wa nyuma; baraza na ukuta wa mbele vibaki. Hilo linawezekana kihandisi, wahandisi mliopo mnajua.

Na kwa Bunge na wizara: huo mwaka 1863 uondolewe, uwekwe umri unaosogea. Jengo likifikisha miaka 60, lisivunjwe bila kuchunguzwa kwanza. Sijasema lisivunjwe kamwe. Nimesema lichunguzwe. Mengine yatavunjwa, na ni sawa, mji lazima ukue na vijana wanataka fremu za biashara. Tofauti ni kwamba tutakuwa tumejua tunavunja nini.

Daftari la kwanza liko pale mezani karibu na mlango, na vijana wa chuo watawasaidia kuandika. Andikeni namba ya kiwanja, mwaka ulioandikwa ukutani kama upo, ukuta ni wa nini na paa ni la nini, nani alianza kulitumia jengo, na leo linatumikaje. Wenye vihamba, andikeni mifongo pia. Waheshimiwa madiwani, naomba hoja ya sheria ndogo iingie kwenye kikao kijacho cha Kamati ya Mipango Miji, na wenyeviti wa mitaa mliopo mwalikwe.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mheshimiwa mwenyekiti, kwa ruhusa yako, wazee waanze kuuliza, kisha wanafunzi.